Kikohozi cha Mlangoni

Baba Saidi,

Salamu zikufikie hapo ulipolala. Usiucheke mwandiko, masomo ya ngumbaru ya ukubwani yalinifikisha hapa tu.

Nimepata kazi ya kupika Diani. Wageni ni Wazungu wa dini ya Budha, wamekodi nyumba nzima ili wakae kimya. Ndiyo, kimya! Wamepanda ndege kuja kunyamaza. Nikasema, marehemu wangu angewanyamazia bure.

Jana jioni walianza. Mwalimu wao, mama mwenye mvi, akatuita na sisi wa jikoni. Nikamuuliza waziwazi, "Tunasujudia nini? Mimi Mwislamu." Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: hatusujudii kitu, tunakaa, tunaitazama pumzi ikiingia na ikitoka. Kengele ikilia, hakuna kusema tena.

Ikalia. Nikakaa jamvini.

Baba Saidi, tangu tukuzike sijanyamaza. Redio yako husema tangu alfajiri, nayo ikichoka nawasemesha kuku. Kimya nakiogopa, maana ndani yake wewe humo tena.

Nikaitazama pumzi, ikanijia yako, kule wodini Msambweni. Nimekushika mkono, nakugombeza unywe uji, kumbe ya mwisho imeshatoka. Nami naendelea kugombeza! Mpaka muuguzi akanigusa bega. Pumzi moja tu ya kukusindikiza, ikanipita.

Hapo mgeni mmoja aliyechelewa akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili. Vilevile ulivyokuwa ukikohoa wewe badala ya kupiga hodi. Mdomo wangu ukanitangulia: "Karibu, Baba Saidi! Maji yako ya kuoga yamo ndooni!"

Nyumba nzima ilisikia. Hakuna aliyecheka. Nikainuka, nikijua kazi imekwisha. Yule mama akanitazama, akalipapasa jamvi: kaa. Nikakaa. Nikalia bila sauti, mimi ambaye ulisema kilio changu husikika mpaka Matuga.

Nawe una lawama zako! Jioni zote zile barazani, "Mama Saidi, hebu njoo tukae tu." Unasema mara moja, basi. Ungenivuta kanga! Mimi nina ufuta wa kupepeta, nikadhani wewe na baraza mtakuwepo siku zote.

Leo nimeizima redio kabla ya kutoka. Narudi jamvini kukaa.

Lala, mume wangu. Mola akupanulie kaburi. Nakuahidi: ukikohoa tena mlangoni, nitakusogezea nafasi jamvini, nami sitasema neno.

Mkeo,
Mama Saidi