Australia Kwanza, na Nitasimama Nikitaka

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua duka, nimetundika kanga mpya mlangoni. Pravin, jirani yangu wa vifungo na zipu, hata salamu hajaimaliza: kwa kriketi ya ova hamsini, ile ya kutwa nzima, India ndiyo ya kwanza duniani, na wa pili hayupo. Nimemwambia Australia. Amecheka mpaka miwani ikamshuka. Fundi Saidi, anayeshona katikati ya milango yetu na anayejua soka tu, akauliza goli liko upande gani.

Msimamo wangu ni ule ule. Australia, India, Afrika Kusini. Australia wapigaji wao wa juu wakitolewa wote, wa saba anaingia na kutulia kama mechi ndiyo kwanza inaanza. Tena wanashinda hata ugenini. India kwao ni moto, sibishi. Afrika Kusini wanatisha hadi ifike mechi ya mtoano, hapo mikono inaanza kutetemeka. Pakistan sijui niwaweke wapi, na wao wenyewe hawajui. Nimekulia Upanga, dirisha letu likitazama uwanja wa kriketi. Hanidanganyi mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Mechi ya kwanza, India na Australia, hukohuko India. Runinga ya Pravin inatazama korido, tunaona wote. Ana sheria yake: India wakipiga vizuri, hakuna kubadili mkao. Aliyekunja mguu abaki ameukunja. Hansa, mkewe, leo ameshikilia kikombe kitupu muda wote huo, maskini.

Wapigaji wawili wa India walikuwa wamekolea. Mteja akaniita. Nikainuka kwenye kigoda. Mpira uliofuata, wiketi, mmoja katolewa. Haujapita muda, nyingine. India wamepoteza.

Pravin akanigeukia mbele za watu. "Rehema, wewe nuksi!"

Korido nzima imecheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 10 Septemba

Neno hilo nalijua. Mama mkwe aliniita hivyo msibani, siku ya tatu ya kifo cha mwanawe, mume wangu. Figo zilimsumbua kabla hajanijua, lakini nuksi nikawa mimi. Nilitoka nyumba ile na sanduku moja. Kariakoo nilipapendea hilo, kwamba hakuna aliyenijua kwa jina lile.

Leo muuza viatu amenizuia nisipite mbele ya meza yake kabla hajauza cha kwanza. Utani, eti. Halafu binti mmoja alikuwa amechagua kanga za harusi yake, ameshazipenda, mwenzake akamnong'oneza. Akaziweka chini. Atarudi. Najua harudi.

Utani huo unanifungia duka. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 11 Septemba

Mechi ya pili. Nimekaa ndani ya duka langu, nimeipa runinga mgongo. Kelele tu. India wameshinda. Mimi sikuwepo, kwa hiyo ushahidi umekamilika.

Fundi Saidi ametumwa na ujumbe, huku haya imemjaa. Pravin anasema yaishe. Niombe radhi kwa kuinuka, niseme India kwanza, nirudi kwenye kigoda changu. Ila nisiinuke.

Niombe radhi kwa kuhudumia mteja! Siombi. Nimelia kidogo nikikunja kanga. Hasira, si huzuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Hansa amekuja peke yake. "Dada Rehema, mzee wangu mdomo wake hauna breki. Alikuwa anatania."

Nikamwambia kuhusu mama mkwe. Yote. Sijawahi kumwambia mtu hapa. Akanishika mkono. Kisha akasema pengine kesho nisije kwenye mechi, watu wasipate la kusema.

Nampenda Hansa. Kesho nitakuja.

Jumamosi, 13 Septemba

Mechi ya tatu, ya kuamua mshindi. Nimebeba kigoda mpaka mbele kabisa. Kabla mpira wa kwanza haujarushwa nimesema kwa sauti: Australia kwanza, na nitasimama nikitaka.

Nikasimama. Wamekolea, nasimama. Mteja akija, nasimama. Nimekwenda kuswali adhuhuri nikarudi kwa kupita katikati yao. Pravin jasho linamtoka, macho hayathubutu kutoka kwenye runinga. Hansa alikuwa ameshamwambia habari za mama mkwe, ilionekana usoni mwake.

Jioni India wameshinda. Korido yote juu. Pravin akasahau kila kitu, akaja mbio. "Rehema, leo umetuletea bahati!"

Nikamwambia sikuleta bahati, na juzi sikuleta nuksi. Mimi nina macho mawili tu, naangalia mpira. Na Australia bado ni wa kwanza, mechi tatu hazibadilishi kitu.

Pravin akavua miwani. "Nisamehe, dada." Kwa sauti, muuza viatu akasikia.

Nikabeba kigoda changu, nikarudi dukani. Hasira haijaisha, na siwezi kuiharakisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Joto. Wateja wachache. Saa tisa hivi Pravin amekuja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akakaa upande wangu wa korido. Tumekunywa mpaka nusu kikombe.

Halafu akauliza, taratibu, bila kejeli: New Zealand ninawaweka wapi?

Nikafikiri kwanza. Nchi ndogo, lakini kombe la dunia hawakosi kufika mbali. Nikasema wa nne.

Akasema hapana, wa tatu, mbele ya Afrika Kusini. Nikamwambia hajui kitu. Akataka nimweleze kwa nini. Nimemweleza mpaka adhana ya alasiri.