Ini la Tuda na Machozi ya Isli

Imilchil, 9 Septemba

Mjukuu wangu Basu,

Salaam nyingi. Kifua kimepoa? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananitukana. Anayeniandikia ni dada yako Tuda, na nimemkataza kuruka maneno makali.

Wewe unayesomea mawe huko Rabat umetusema redioni. Umesema maziwa yetu, Isli na Tislit, hayakutokana na machozi ya wale wapenzi waliokatazwa kuoana. Kwa ajili ya machozi yale, kila Septemba binti hujichagulia kijana na kumwambia, "Umelishika ini langu," maana kwetu penzi hukaa inini. Tuda amemwambia hivyo Assu, wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Baba yako mdogo Hammu, msimamizi wa Tuda tangu baba yenu afariki, ananicheka: "Hakuna aliyelia, mama. Msomi wako kasema. Basi hakuna kuchagua." Anamtafutia mume mjini Midelt. Andika upesi!

Bibi yako, Izza

Rabat, 2 Oktoba

Bibi,

Nakubusu kichwa na mikono. Kifua kimepona. Bibi, siwezi kusema ni machozi. Mwalimu wangu anasema kimondo kilianguka pale. Mimi nasema ardhi ya chokaa ilititia. Tunagombana hadi leo. Nikiyumba sasa, nimekwisha. Baba mdogo atatulia mwenyewe.

Mjukuu wako, Basu

Imilchil, 20 Oktoba

Basu,

Leo sikuulizi hali, nimekasirika. Nani kakuomba uongo? Ligombanieni ziwa mpaka meno yawatoke! Mwambie Hammu neno moja tu: mawe hayaozeshi mtu. Mimi hanisikii, wewe anakusikia. Tuda anaandika huku analia.

Bibi yako

Rabat, 28 Novemba

Bibi,

Nisamehe, mitihani ilinibana. Humu nimetia barua ya kumsomea baba mdogo, nimemwambia: ziwa lilitokeaje ni ubishi wetu sisi wa mawe, na haujaisha. Uchaguzi wa Tuda haumo. Msomeeni.

Basu wako

Imilchil, 3 Machi

Mwanangu,

Theluji ilifunga njia, barua imefika juzi. Mwandiko huu ni wa mke wa muuza nyama. Tuda aliozwa Midelt mwezi wa kumi na mbili. Alipoulizwa kama ameridhika, alisema ndiyo. Ini hakulitaja.

Hammu kasomewa. Akauliza, "Kumbe Basu hakukataza?" Nikamwambia, "Ulitaka akataze, ukamsikia anakataza." Akatoka, chakula chake kikapoa.

Usije huku kwanza. Shukia Midelt kwa Tuda. Habari za ziwa usimguse nazo. Mpelekee asali, kaa naye, muulize kama anakula.

Bibi yako, Izza