Leza ya Kidevu Changu

Manyoni

Mdogo wangu Eliana,

Huku tumeshavuna alizeti, na kuku wako mweusi ameangua.

Nilikwenda Singida kuulizia ile leza ya kuondoa ndevu, kama ulivyonisihi, ili nianze tena kwenda kanisani bila kuchekwa. Muuguzi alisema zipo mashine zinazounguza ngozi nyeusi kama yetu na kuacha mabaka. Inayonifaa ni ile ambayo mwanga wake unapita ngozi bila kuidhuru, ukafika kwenye mzizi wa nywele. Kwanza wangeijaribu sehemu ndogo chini ya taya. Akanishika kidevu, akakigeuzia dirishani.

Tangu mume wangu Mazengo afariki, hakuna aliyenishika hapo. Yeye ndiye aliyekuwa akining'oa ndevu kwa kibanio kila Jumapili asubuhi, pale mlangoni penye mwanga, akinitania: "Shikamoo, mzee wa kanisa. Tulia basi."

Nilimwambia muuguzi nitarudi, lakini sitarudi. Usinikasirikie. Mashine ya ngozi yangu ipo, nimeielewa vizuri. Ila nikishasafishwa uso, Eliana, nitarudi nyumbani kumwonyesha nani?

Wasalimie watoto.

Dada yako,
Dina