Bunduki ya Rangi ya Aabo

Jumatatu, 4 Machi 1985

Leo nimefanya ujinga mnadani. Mzungu wa ranchi amehama, vitu vyake vimeuzwa uwanjani – mapipa, matandiko ya farasi, kitanda. Nilienda kutafuta birika, nimerudi na bastola. Si ya risasi, ni ya rangi. Mzungu alikuwa anapiga nayo ng'ombe kwa mbali, doa linabaki mgongoni, basi huyo amejulikana ni wake. Nikawaza mbuzi wangu. Kila nikipakia lori wanachanganyika na wa watu, tunagombana mpaka mate yanakauka.

Muuzaji aliapa inafanya kazi. Mwongo. Imeshika kutu, mipira ya ndani imekuwa unga, na zile risasi za rangi zimeyeyuka mkebeni zikashikana kama tende.

Nimeisukuma chini ya kitanda cha Aabo. Baba yangu hakuuliza ni nini. Tangu mama azikwe haulizi kitu. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia lala, analala. Mambo ni hayo tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi sokoni nikamkuta Aabo sakafuni. Nilidhani ameanguka. Kumbe ametandaza leso ya mama – ile ya kijani ambayo hataki hata niiguse – na juu yake ile bastola, imefunguliwa yote, kila kipande kwa mstari wake. Alikuwa fundi wa bunduki jeshini, enzi za Mwingereza, mpaka Burma. Sisi watoto wake tulikuwa tunaambiwa tu. Sijawahi kumwona akifanya.

"Kinsi," akasema, "leta mafuta ya taa. Na tyubu ya baiskeli, hata iliyooza."

Maneno mengi hivyo sijasikia kwake tangu mazishi. Nilileta mbio. Halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikapika.

Jumanne, 12 Machi

Tyubu anaikata kwa wembe, pete ndogo ndogo. Inayovuja anatupa, anakata nyingine. Mkono unatetemeka, anautukana kwa Kiingereza cha jeshi. Chupa za gesi za mzungu, zile zinazosukuma rangi, zimekwisha. Nimeomba hotelini zile ndogo wanazotilia soda gesi. Zikawa fupi. Aabo akachonga kipande cha shaba, akakipachika nyuma ya chupa, ikakaa sawa.

Gerishon, daktari wa mifugo, amepita kuangalia. Habari, mzee? Na Aabo akamjibu, tena akamwambia aondoe kivuli chake. Gerishon ametuletea makapsuli matupu, yale makubwa ya dawa ya ng'ombe. Mimi ndiye ninayejaza rangi kwa sindano. Nilitaka buluu. Duka la Waweru lilikuwa na nyekundu peke yake, rangi ya mafuta. Mbuzi ataonekana kama amechinjwa vibaya.

Jumamosi, 16 Machi

Imelia! Yule beberu wa pembe moja amepata doa ubavuni, akaruka, akatuangalia kwa dharau. Aabo amecheka. Ana pengo mbele – nilikuwa nimelisahau.

Gerishon anasema mwezi ujao wanachanja ngamia Garbatulla. Ngamia hakubali kushikwa mara mbili, kwa hivyo anataka Aabo apande naye Landrova, awe anawapiga alama waliochanjwa. Jioni Aabo ameomba pasi. Amenyoosha koti lake la jeshi mwenyewe, makaa yakimwangukia miguuni.

Ijumaa, 22 Machi

Ameiwekea kitako cha mbao. Mkono unatetemeka, anasema, lazima iegemee begani. Na mtutu ameurefusha kwa bomba. Sasa si bastola tena, ukiwa mbali ni bunduki kabisa. Nikasema tuipake njano. Aliniangalia kama nimemtukana. Silaha haipakwi rangi kama baiskeli, akasema. Akaisugua na mafuta mpaka ikawa nyeusi tii.

Ndugu yangu Robow amefika na lori lake. Ameiona, akanivuta nje kwa mkono. Anasema mifugo imeporwa upande wa Kipsing, watu wamekufa, askari wanasaka bunduki kila mahali. Nina wazimu? Niitupe chooni leo leo. Nikamwambia, nikiitupa Aabo atarudi kitandani na hatainuka tena. Robow akamaliza chai yake, akaenda.

Nimeificha kwa gunia la mahindi. Naogopa. Naogopa pande zote mbili.

Jumapili, 24 Machi

Aabo ameitafuta nyumba nzima. Ikabidi nimweleze habari ya msako. Nilidhani ataogopa. Akaketi wima.

"Haijaandikishwa?"

Nikasema Aabo, hiyo ni ya rangi tu.

"Silaha isiyoandikishwa ni ya majambazi, ya shifta. Mimi si shifta."

Nikamwomba tumngoje Gerishon, arudi kutoka kazini Jumatano, aende kutusemea polisi. Akanyamaza. Nikaona amekubali. Nikamrudishia.

Jumanne, 26 Machi

Kitanda kimetandikwa kijeshi. Koti halipo. Bunduki haipo. Jirani yangu Fosia amemwona akipita msikitini, medali kifuani, bunduki begani, anatembea kama yuko gwarideni. Amekwenda kituo cha polisi kuiandikisha. Na mimi mwenyewe niliijaza jana.

Jumatano, 27 Machi

Jana hawakuniruhusu kukaribia lango. Walioona wanasema askari wa zamu, kijana tu, alimpigia kelele asimame. Aabo akasimama. Akapiga saluti, bunduki bado begani. Wakamrukia, wakamwangusha, ikafyatuka chini yake. Kila mtu akaona nyekundu.

Gerishon ameniletea koti asubuhi. Nimeona kifua chote chekundu, nikaketi chini pale pale mlangoni. Halafu nikalinusa. Tapentaini ya rangi. Nikasema alhamdulillahi, nikacheka kama mjinga. Gerishon hakucheka.

Anasema mzee hakuumia sana. OCS, mkuu wa kituo, si mtu mbaya, ameelezwa ni kitu cha mifugo. Anataka tu mzee mwenyewe aseme jina lake, na hiyo kitu ni ya kazi gani, waandike. Wamemuuliza kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kiingereza. Hasemi. Asiposema watampeleka mbele, na huko Gerishon hajui mtu.

Nikamuuliza, anafanya nini sasa? Akasema, yuko tu. Wakimwambia keti, anaketi. Wakimwambia kunywa chai, anakunywa.

Saa hii niko kituoni, naandikia kwa goti. Wameniambia ningoje kwa benchi, wataniita. Nimekuja na leso ya kijani, nimejifunga kichwani kabisa, aione vizuri. Anikaripie. Aseme tu, Kinsi, toa hiyo.

Mlango umefunguliwa. Wanamleta.