Gita Yangu, Sauti ya Obuya

Emmah, Obuya ameiba wimbo yangu. Yote!

Niko nje ya duka ya CD hapa Dagoretti Corner. Nilikuwa napita tu nikasikia gita yangu. Nikadhani nimechanganyikiwa. Halafu mtu akaanza kuimba. Obuya! Maneno yangu, sauti yake!

Si unakumbuka ni yeye aliniwekea Audacity, ile programu ya kurekodi, kwa kompyuta, akanifunza kurekodi gita kando na sauti kando? Nikampea kila kitu kwa flash anisaidie kusafisha. Kumbe alizima sauti yangu akaweka yake.

Nimempigia hapo hapo. Hata hakukataa! Ati, "Peres, si hiyo programu ni ya bure? Kitu ya bure ni ya kila mtu."

Ati ya kila mtu!! Nikamwambia programu ni ya bure, mimi si wa bure! Akakata simu.

Na ngoja, hujasikia mbaya yenyewe.

Siku nilirekodi gita, mum aliniita kutoka jikoni, na sauti yake ikaingia kwa rekodi. Obuya alisema haiwezi kutoka bila kuharibu gita. Basi ameiacha, Emmah. Obuya akinyamaza tu kidogo, unasikia mum: "Peres! We Peres, kuja ule!"

Mwenye duka anacheka, ati hapo ndipo wateja wanapenda.

Nimesikiliza mara tatu. Mum ananiita kwa wimbo yangu mwenyewe, na mimi simo.