Mashine ya Kalinda Kwenye Mlima wa Lushebere

Masisi, Jumanne, 1954

Mvua imekatika jioni hii, lakini mimi bado nimenuna.

Nina wivu. Nauandika hivyo hivyo, sina haja ya kuupamba.

Kalinda amepita leo. Tulikula maharagwe sahani moja tukiwa watoto. Sasa ni dereva. Lori lake limebeba mashine ya kutoa umeme, chuma kitupu, ndefu kuliko nyumba yetu, inakwenda mgodini Walikale. Anasema imekuja kwa treni, ikavuka ziwa kwa meli, naye akaifuata safari yote hiyo. Mimi nimefika Goma mara moja tu, kupeleka jibini.

Mlima wa Lushebere ulimkwamisha. Magurudumu yalizama kwenye matope, watu wakaacha majembe wakaja na kamba. Furaha naye alikuja. Tangu mavuno yaliyopita nasema nitapeleka neno la posa kwa baba yake, na bado sijapeleka. Alikuwa akiitazama mashine, na dereva aliyeileta.

Hapa kwetu kitu kizito hakiendi bila wimbo. Mgonjwa akipelekwa hospitali kwa kipoyi, ile machela yetu ya mianzi, mimi ndiye ninayeanzisha. Wabebaji wanaitikia, miguu inakwenda pamoja. Basi wote wakanigeukia.

"Kaka, anzisha basi," Kalinda alisema. "Bila wewe hii kitu haiko inatoka."

Nikasema koo linaniuma.

Koo langu lilikuwa zima kabisa.

Furaha alinitazama kidogo, kisha akaanzisha yeye. Wimbo wangu ule ule. Hata mahali ninapovuta pumzi alipajua. Watu wakaitikia, kamba zikakaza, mashine ikatoka. Nami nilivuta, nyuma kabisa, mdomo nimeufunga.

Kalinda akashuka, akamshika Furaha mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti sana, dada. Nikirudia toka Walikale, nitapita kwenu nisalimie Papa yako."

Furaha akacheka. Kicheko hicho kimenikalia rohoni mpaka sasa.

Alipopita karibu yangu, matope mpaka magotini, akasema polepole: "Koo yako ikipona, utaniambia."

Nimewaza jambo moja tangu saa ile. Lori likirudi litakuwa tupu. Halitahitaji kamba wala wimbo wa mtu, na halitakwama popote.

Kesho ng'ombe wakishakamuliwa, nakwenda kwa baba yake Furaha.