Kijana wa Kaptula Nyekundu

Tukuyu,
Jumatatu, 9 Machi.

Dada yangu mpendwa Winfrida,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, wewe na shemeji Wilson na watoto, na ule mgongo wako uwe umeacha kukusumbua. Huku sisi ni wazima, ila mtoto ana kikohozi cha baridi na mimi sijalala vizuri tangu nifike. Mvua ya huku haina adabu. Nguo za mtoto tunazikausha kwa moshi wa jikoni, zinanuka kama samaki wa kubanika.

Nimeona nisikupigie simu, maana ningelia na wewe ungenikatiza. Nisome mpaka mwisho kwanza, halafu ndiyo unigombeze.

Ulinikataza kwenda Mpuguso kwa kina Lutufyo. Ulisema watu waliomzika mtu bila kujua kwamba ana mke hawatampokea huyo mke akija na mtoto mgongoni baada ya miezi saba. Nilikwenda hivyo hivyo. Unajua bahari ilipomchukua Lutufyo mimi nilikuwa wodini na kidonda cha upasuaji wa uzazi, na waliosafirisha mwili ni watu wa hoteli alikokuwa akifundisha wageni kupanda mawimbi, wasio na habari zangu. Sikwenda kutafuta shamba wala miti yao ya parachichi. Nilitaka mtoto awe na kwao, apewe jina na bibi yake, asikue akiitwa Mtoto wa Jenifer kama walivyomwandika kliniki.

Cheti cha ndoa hatukuwa nacho, na simu yenye picha zetu ilizama naye. Nilichobeba ni ile picha niliyokueleza, ya rangi, kazi ya rafiki yake Meshaki anayewachorea watalii pale ufukweni Kigamboni. Ni asubuhi. Maji yana rangi ya majani machanga ya chai, na kijana wa kaptula nyekundu amesimama juu ya ubao, goti amelikunja, mkono mmoja nyuma, wimbi linamfuata kama ng'ombe anayemjua mwenyewe. Uso ameuelekeza baharini, unaliona shavu tu. Kila nikiitazama nasikia harufu ya mihogo niliyokuwa nawakaangia wakitoka majini, na kelele zao wakidai niongeze pilipili.

Baba yao alishafariki, kwa hiyo mwenye sauti pale ni kaka yao mkubwa, Hezron. Aliiegemeza picha ukutani akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Akauliza uso uko wapi. Akasema hata kwenye kalenda ya benki kuna mwanamume anacheka, je, na huyo nimemzalia? Mzee Andrea wa kanisani, aliyeitwa awe shahidi, akauliza kwa upole kama huyo siye Petro akitembea juu ya maji. Hezron akamjibu kwamba Petro hakuvaa kaptula. Wakacheka. Mimi nimesimama mlangoni, hakuna aliyenipa hata kigoda.

Asiyecheka alikuwa bibi, mama yake Lutufyo. Wao wakiendelea na picha yao, yeye alimpokea mtoto, aliyekuwa amejichafua, akaenda kumwogesha uani. Aliporudi akaagiza picha itolewe nje kwenye mwanga. Akainama, akaitazama, akapiga makofi. Bibi anasema Kinyakyusa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo wifi yangu Lusungu ndiye alikuwa anafasiri. Akasema mama anasema huyu ni Lutufyo wake na asibishe mtu. Ndivyo alivyokuwa akiteleza utotoni kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa, mvua ikinyesha, amesimama juu ya ganda la mgomba, goti hivyo, mkono hivyo, mpaka kaptula za shule zikaisha. Hezron miaka hiyo alikuwa shule ya bweni. Hayo hakuyaona.

Nikapewa kiti, nikapewa ndizi na maharage. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake Hezron aliniita shemeji, tena kwa heshima. Akasema kwa kuwa sasa imejulikana mtoto ni wa kwao, mila yao inasema atabaki kwao. Watapeleka ng'ombe nyumbani kwetu. Mimi bado kijana, nitaolewa na kuzaa wengine. Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa, mtoto atatambulishwa, na Jumatatu nitasindikizwa stendi. Aliongea kama mtu anayenipa zawadi. Nikamwambia mtoto ananyonya. Akaitikia kwa kichwa. Jioni yake nikakuta kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, pamoja na chupa mpya.

Tangu hapo mtoto hakukaa mgongoni kwangu. Walimpokezana shangazi kwa shangazi. Aliletwa akilia njaa, akachukuliwa kabla hajacheua. Walikuwa wananichekea kwa wema kabisa, pumzika mke wetu, umechoka. Na kweli nilikuwa nimechoka, dada, ndiyo maana wema ule ulinitisha. Najua utasema ningekwenda ustawi wa jamii. Ningeondokaje pale, na mtoto yuko mgongoni kwa mtu mwingine?

Jumamosi mchana wengine walikwenda kuchuma chai. Nikabaki jikoni na bibi, mtoto amempakata. Sasa hapa ndipo nataka uvumilie.

Dada, na wewe nilikudanganya. Yule kwenye picha si Lutufyo. Nilimwomba Meshaki amchore baada ya msiba, mkono ukamkatalia. Kibandani kwake palikuwa na picha ya kijana mwingine wa Mjimwema, yu hai mpaka leo. Niliichagua kwa sababu ya mgongo, ulifanana na wa Lutufyo, nikamwomba Meshaki aigeuze kaptula iwe nyekundu kama ya kwake. Nilijiambia mtoto ni wake kweli, basi picha nayo ina kosa gani. Pale jikoni ndipo nilipoelewa kwamba nikisema ukweli watanifukuza na mtoto wangu, ndicho ninachotaka, lakini yule mama nitakuwa nimemfishia mwana mara ya pili. Hata jeneza hawakufunguliwa wamwone.

Nikamwambia. Hakushtuka. Aliendelea kugeuza ndizi kwenye majivu. Akasema kwa Kiswahili chake hicho hicho kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Lutufyo alikuwa mwoga, akasema. Wenzake walisimama, yeye aliteleza kwa makalio, kashika shati la mwenzake, anapiga mayowe. Yeye bibi alimjua mjukuu wake kwenye beseni, alivyokunja miguu yote miwili isiguse maji, kama baba yake. Lakini kina Hezron, akasema, hawaamini mtoto, wanaamini picha.

Halafu akaniuliza kama mwanawe alisimama kweli kule baharini, au nalo ni la kuchora tu.

Nikamwambia alisimama. Nilimweleza alivyoanguka wiki nzima akimeza maji, wenzake wakimwita jiwe, mpaka asubuhi moja akainuka juu ya ubao miguu inamtetemeka, wimbi likamleta mpaka kwenye mchanga, naye anapiga kelele neno moja tu la Kinyakyusa. Nikalitamka kama nilivyolisikia. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Kumbe alikuwa akimwita yeye, mama.

Alipojifunua akaniwekea mtoto mapajani. Akasema kesho niseme mbele ya watu, naye atasema macho yake yamezeeka.

Nikasema. Hezron aliuliza mara mbili kama picha ile si Lutufyo, nikajibu si yeye. Akasema basi na mtoto si wake. Hapo, dada, sikuitika wala sikukataa. Lusungu, aliyekuwa amenizoea, aliniita mwizi wa misiba, akatema mate chini. Mzee Andrea akakuna kichwa. Hezron alitaka kuichoma picha, bibi akasema aiache, itaziba upenyo wa dirisha la jikoni mvua isiingie. Hakuniangalia nilipofunga mbeleko. Wala sikumuaga, maana ningeanguka.

Mwenye bodaboda alinishusha hapa kwa mama mmoja muuza chai, amenipa kitanda mpaka kikohozi cha mtoto kitulie. Nikirudi Kigamboni nitakujulisha. Usimweleze shemeji. Mtoto akikua nitampeleka Mpuguso kwa miguu yake mwenyewe, watu wazima wakae waongee. Kama sitakuwepo, utampeleka wewe, na usikubali kukataliwa.

Jina alilopewa pale jikoni ni Anosisye, la baba yake bibi. Hezron hajui. Sisi watatu tunajua, na sasa nawe.

Wasalimie watoto wote, na mama Atupakisye wa jirani. Mgongo ukandwe kwa maji ya moto, usidharau.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Anosisye.